Nilivyojifunza Kukata Picha za Watu

Sharifa na wenzako hapo studio Mbale, mmeniomba niwaandikie namna ya kukata picha za watu, kwa sababu siku niliyoaga nilijigamba kwamba kompyuta inajua kukata ila haijui mahali pa kukata. Mmenishika kwa maneno yangu. Basi nimekaa hapa Wanale, kalamu mkononi, mlima mgongoni, na ninaona siwezi kuwaeleza mahali pa kukata bila kuwaeleza nilikojifunza na kwa nani. Habari za nilipandishwa cheo lini na nani alininunia, waulizeni wengine. Zamani zilininyima usingizi, leo hata sizikumbuki vizuri.

Mimi ni mtoto wa Nabuyonga. Baba alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, na kwetu Kiswahili kilisemwa mezani sawa na Kigisu, jambo lililowafanya majirani watuone wa ajabu kidogo. Nilipomaliza shule nilikwenda kukaa na shangazi yangu aliyeolewa Jinja. Siku moja nikipita barabara kuu nikaona kikaratasi kimebandikwa kwenye mlango wa studio: anatakiwa mtu mwenye macho mazuri. Nikarudi nyumbani, nikapaka wanja, nikaenda.

Aliyefungua mlango alikuwa Mhindi mrefu, mwembamba, mwenye mvi, mikono ina madoa ya dawa za kusafishia picha. Aliniangalia macho yangu yenye wanja.

"Mimi nataka macho ya kuona," alisema. "Hii ya kuonekana, peleka kwa bwana harusi."

Hata hivyo aliniajiri. Ndiye Bwana Kantilal. Studio ile ilikuwa ya baba yake. Yeye aliondoka Jinja akiwa kijana, mwaka ule Wahindi walipoambiwa waondoke nchini, akarudi mtu mzima, peke yake. Mkewe alikuwa amefia ng'ambo, na binti yao mdogo alibaki huko kwa shangazi yake ili asome. Alikuta paa linavuja na mtu anashona viatu chumba cha mbele. Akaanza upya. Kiswahili alichoondoka nacho ndicho alichorudi nacho, kimekunjwa vilevile kama nguo sandukuni. Kwa kuwa mimi sikujua Kigujarati na Kiingereza changu kilikuwa cha daftari, tulielewana kwa hicho hicho.

Wateja hawakukipenda. Mmezaliwa juzi, hamjui, lakini wengi walikuwa wamekisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Nikimwambia mtu "tazama hapa" alikakamaa kitini kama yuko mbele ya afande, mikono imebanwa mapajani. Nilipoteza picha nyingi hivyo mpaka nikajifunza kuwaambia kwa Kisoga chao, na mabega yao yakashuka.

Kazi ya kwanza Bwana Kantilal hakunipa kamera wala kisu. Alinipa kadi mbili nyeusi, kila moja imekatwa ikafanana na kiwiko kilichokunjwa. Ukiziweka juu ya picha zikitazamana, zinafanya dirisha. Ukizisogeza, dirisha linapanuka au linabana. Akaleta sanduku la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

"Wiki hii yote hapana kata," alisema. "Sogeza tu. Mtu akipumua, simama."

Picha inapumuaje? Siku mbili nilisogeza kadi nikidhani mzee wa watu ana wazimu. Siku ya tatu nilikuwa na picha ya karani mmoja anayetazama upande wa kushoto. Nilileta kadi karibu na pua yake, akaonekana kama mtu aliyebanwa ukutani. Nikairudisha taratibu. Palipobaki nafasi mbele ya macho yake, nawaapia, kifua chake kilifunguka.

"Amepumua!" nilipiga kelele.

Bwana Kantilal akatoka chumba cha giza alimosafishia picha, mikono inachuruzika maji. Akatazama. "Haya," alisema, "sasa chai."

Hayo ndiyo masomo ya kwanza, na mpaka leo sijayaongezea mengi. Anayetazama upande fulani, mwachie nafasi upande huo. Macho yakae juu ya katikati ya picha, kwa sababu yakikaa katikati kabisa mtu anaonekana anazama. Utosi unaweza kuupunguza kidogo ili uso usogee. Kidevu usikiguse, ukikigusa umemchinja. Na usipitishe kisu kwenye kifundo, kiwiko wala goti. "Hapana kata mtu mahali Mungu alimkunja," alikuwa akisema. Kata kati ya kiungo na kiungo. Tazama nyuma yake pia, nimeona waheshimiwa wengi wenye nguzo za umeme zilizoota kichwani. Na mkono uingie wote au utoke wote. "Vidole vinne bila mwenyewe, hiyo mwizi," alisema.

Hilo la mkono lilinikaa sana. Ndilo lililoniponza.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, na nilikuwa nimeanza kujiona. Alasiri moja Bwana Kantilal alikuwa hekaluni kwenye sikukuu yao, mimi peke yangu dukani. Akaingia mama mmoja kutoka Wanyange, kitambaa cheusi kichwani. Alizoea kuwauzia samaki Wakenya, kwa hiyo alinisemesha Kiswahili bila woga. Jina lake Mama Tenywa.

"Dada, huyu ni bwana yangu," alisema akifungua mfuko wa nailoni. "Alikufa jana, kichwa tu ilimuuma. Kesho tunazika. Nataka yeye peke yake, mukubwa, ya kuweka mbele ya sanduku. Hawa wengine toa."

Ilikuwa picha ya harusi ya jirani, watu saba wamepangwa mstari. Mumewe, fundi wa kuunda mitumbwi, alisimama mwisho kabisa kulia, amevaa koti lililomzidi, anacheka kwa haya. Begani mwake palikuwa na mkono wa mtu ambaye mwenyewe hakuonekana, ameachwa nje ya picha. Mkono bila mtu. Nikajisemea, huyu ni yule mwizi.

Njia sahihi niliijua. Unaipiga picha upya kwa kamera, unapata filamu yake, kisha unakuza na kupunguza kwenye mashine. Picha yenyewe ya mteja haiguswi. Lakini ile ilikuwa imegandishwa kwenye karatasi ngumu, imejikunja, haikutaka kulala chini ya kioo. Nikaona nitaipunguza kidogo tu ilale. Nikaiweka kwenye mashine ya kukatia, nikashusha kisu mara mbili. Upande wa kushoto walikwenda wale sita, upande wa kulia ukaenda mkono. Ikalala vizuri sana. Nikaipiga, nikaikuza, macho juu ya katikati, nafasi mbele ya uso, kidevu salama. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizokuwa nimefanya. Niliiegemeza ukutani ili bwana wangu aione akirudi.

Asubuhi Mama Tenywa alikuja mapema. Bwana Kantilal alikuwepo, anapanga filamu. Mama akaishika ile kubwa kwa mikono miwili.

"Ni yeye," alisema. Akampapasa shavu. "Ni yeye kabisa." Kisha akatazama huku na huku. "Na ile ingine?"

Nikampa kile kipande kidogo kilichobaki. Akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele.

"Mukono yangu iko wapi?"

"Mkono upi, mama?"

"Hii ya hapa begani. Ilikuwa yangu. Mupiga picha aliniacha inje, akachukua mukono peke yake. Tulicheka sana siku hiyo. Tulisema tutapiga ingine, ya wawili." Akakipangusa kile kipande kwa kidole gumba. "Hatukupiga."

Nilikimbia uani. Aliyetufagilia alikuwa akichoma takataka kila asubuhi kwenye pipa, na pipa lilikuwa bado na joto. Nikaingiza mkono humo, nikauchoma. Bwana Kantilal akanifuata na kijiti, akachakura pamoja nami, nguo zake nyeupe zikajaa majivu. Tulipata kona moja ya karatasi ngumu, nyeusi, ikavunjika tulipoigusa. Hakunigombeza. Alirudi ndani akamwambia yule mama, "Mama, nenda zika. Halafu rudi. Mimi na huyu tutatengeneza."

Alipokwisha ondoka akaniuliza, "Kwa nini wewe kata?"

"Ilijikunja, Bwana. Haikulala chini ya kioo."

"Hapana. Kwa nini kata mukono?"

"Wewe ulisema mkono uingie wote au utoke wote."

"Mimi nilisema," akajibu. "Lakini mimi sikusema hapana uliza."

Tulimtafuta aliyepiga picha ile ya harusi, labda filamu aliitunza. Alikuwa mpiga picha wa kutembea, hakuna aliyejua alikokwenda. Mama Tenywa alirudi baada ya wiki tatu. Bwana Kantilal alikuwa amekwisha amua. Alinivika koti lake mwenyewe, akaniketisha kwenye stuli nimeipa kamera bega, akahangaika na taa mpaka mwanga ukaanguka kama jua la picha ile. Kisha akamsimamisha Mama Tenywa pembeni, nje ya kamera.

"Mama, weka mukono kama siku ile."

Akauweka. Ulikuwa mzito, mkono wa mtu anayejishikilia asianguke. Nilisikia kila kidole. Nilidhani Bwana Kantilal atapiga mara moja, lakini yule mama alianza kusema. Alisema na bega, kwa Kisoga, polepole. Nilikuwa nimekaa Jinja vya kutosha kuelewa. Alimwambia kwamba ule mtumbwi aliouacha nusu, mdogo wake ameumalizia na umeingia majini. Kwamba mvua inaingia upande wa jikoni. Kwamba watu walikuja wengi mazikoni, hata wale wa upande wa pili wa ziwa. Sikuweza kugeuka. Sikuwa na haki ya kugeuka. Machozi yalinitiririka mpaka kwenye kola ya koti la watu.

Bwana Kantilal alisubiri mpaka amalize, na hata alipomaliza alisubiri tena. Ndipo akapiga.

Siku nne alikaa chumba cha giza. Filamu mbili kwenye karatasi moja: anaruhusu mwanga upande huu na kuuziba upande ule kwa kipande cha kadi, kisha brashi yenye nywele mbili tatu kuficha maungio. Leo kompyuta inafanya hivyo ukinywa soda. Karatasi alizoharibu zilijaa ndoo. Ya mwisho aliileta nje, akaiweka mbele yangu. Fundi wa mitumbwi anacheka kwa haya, na begani mwake mkono wa mkewe.

Mama Tenywa aliitazama sana.

"Mukono imezeeka," alisema mwishowe. "Yeye bado kijana."

Nikainamisha kichwa. Harusi ile ilikuwa ya zamani. Hatukulifikiria hilo.

"Sawa," akasema. "Ndivyo itakuwa kuanzia sasa."

Akaifunga katika kitambaa chake akaenda nayo. Sikumwona tena. Tangu siku ile sijapitisha kisu kwenye picha ya mteja. Na kila nilipopunguza nakala niliyochapa mwenyewe, kipande kilichokatwa nilikitia ndani ya bahasha nikampa mwenyewe aondoke nacho. Mlinicheka kwa bahasha zangu. Chekeni tu. Wapo waume waliorudi ukutani kwa bahasha hizo.

Nilikaa na Bwana Kantilal miaka kumi na moja. Mama yangu alipougua miguu nikarudi Mbale kumwangalia, nikaingia hapo mlipo sasa. Mengine mnayajua. Picha za rangi, kisha mashine za kusafisha filamu kwa saa moja, kisha filamu yenyewe ikafa. Nilipunguza matumbo ya waheshimiwa. Nilikataa kumtoa mama mkwe kwenye picha ya harusi mpaka bibi harusi aniambie kwa kinywa chake kwamba amefikiri siku tatu. Siku ya tatu mama mkwe alibaki. Picha za pasipoti nimekata nyingi kuliko nywele zangu, na kwa hizo sina hekima ya kuwapa: fuateni vipimo vya ofisi, masikio yaonekane wakitaka masikio, na msijaribu kumpendeza mtu ambaye ofisi haitaki apendeze.

Sharifa, ulikuja na kompyuta. Ulinishika mkono kama mtoto ukanionyesha namna ya kuburuta pembe za picha. Kisha ukanionyesha kitufe cha kurudisha: unakata, unajuta, unabonyeza, kila kitu kinarudi mahali pake. Nililia pale pale. Ulidhani nimefurahi.

Lakini kitu ambacho sikuwaambia ni jinsi nilivyoitamani Jinja miaka yote hiyo. Nilitamani ile taa nyekundu, na harufu ya dawa ambayo haikutoka kwenye nguo hata ukifua mara tatu. Nilitamani kusimama gizani kando ya mtu asiyesema, uso wa mgeni unapanda taratibu ndani ya maji, kwanza nywele, kisha macho. Mkitazama kioo cha kompyuta uso uko pale tayari. Haujawahi kuja.

Kila mwaka baada ya mwezi wa Ramadhani nilikwenda kumsalimu Bwana Kantilal. Kila mwaka nilimwomba nimpige picha, na kila mwaka alikataa. "Mpishi hapana kaa mezani," alisema. Mwaka wa mwisho nilimkuta magoti yamekwisha kabisa. Binti yake alikuwa amekata tiketi, anakuja kumchukua akakae naye huko ng'ambo. Masanduku yalikuwa mlangoni.

"Bwana," nilimwambia, "leo sikuombi."

Akaketi kwenye stuli. Nilipanga taa zake mwenyewe, kamera yake mwenyewe, filamu iliyokuwa imebaki kabatini. Nikasimama kando ya kamera, waya wa kupigia picha mkononi, nikamsemesha.

"Taa iko juu sana," alisema.

"Iko sawa."

"Iko juu. Nani alikufundisha?"

"Mzee mmoja mkorofi."

Akacheka, kicheko chote, meno yale machache yote. Nikapiga.

Nilisafisha filamu hiyo mwenyewe, katika chumba kile cha giza, ya mwisho kusafishwa humo. Kuikata kulinichukua wiki nzima, kwa sababu kila niliposogeza kadi nilihisi ninamwondoa Jinja kabla ya siku zake. Mwishowe nilimwachia nafasi kubwa upande aliokuwa akitazama, kubwa kuliko alivyonifundisha. Aliipokea siku moja kabla ya kuondoka. Akanipigia simu. "Sawa," alisema. Katika miaka kumi na moja neno hilo aliniambia mara tatu.

Mwaka uliofuata nilikwenda Jinja kwa mazoea tu. Studio imekuwa duka la simu, taa nyeupe kila mahali. Binti wa mauzo akaniuliza ninatafuta nini. Nikajikuta ninamwambia, natafuta chumba cha giza. "Mama," akasema kwa huruma, "umeme upo." Nikanunua chaja nisiyoihitaji, nikarudi Mbale.

Bwana Kantilal alifariki mwaka huu, mimi nikiwa nimestaafu miezi miwili. Nilipata habari kwa simu kutoka namba ndefu ngeni. Alikuwa binti yake, Hansa, anayesema Kiingereza cha huko. Nami nikamjibu kwa hiki changu. Alikuwa amekuta picha ile ndani ya kitabu cha sala cha baba yake, na nyuma yake jina langu na namba ya studio. Ninyi ndio mliompa namba yangu, na ninawashukuru.

Aliniambia wameikuza, wameiweka sebuleni, na kila anayeingia huuliza ni nani huyo.

"Sijawahi kumwona akicheka hivi," alisema. "Alikuja kwetu mzee, mkimya. Anakaa dirishani tu. Nilidhani ndivyo alivyo. Ulimwambia nini?"

Nikamweleza habari ya taa.

"Mlikuwa mkiongea lugha gani?"

"Kiswahili."

"Huku hakuwa na mtu wa kukisema naye," alisema. Nikasikia anavuta pumzi. "Kuna kitu alikuwa akikisema kila siku kazini? Nataka kukisikia, kama alivyokuwa akikisema yeye."

Kilikuwepo. Aliwaambia wateja wote kabla ya kupiga, tajiri na maskini, wenye woga na wenye maringo. Nilisimama, sijui kwa nini, nikajifunga vizuri leso, nikakisema kwa sauti yake, polepole, kwa Kiswahili kile kile kilichopinda:

"Kaa kama nyumbani. Hapana ogopa. Mimi nangoja wewe."

Nilisikia saa ya ukutani ya nyumba nisiyoijua.

"Sikuelewa hata neno moja," alisema Hansa. Sauti yake ilikuwa imelowa. "Sema tena."

Nikasema tena.